Skrini Niliyoifundisha Kusema Nne

Mwenye makosa ni mimi. Nasema hivi mapema ili usipoteze muda kunitafutia sababu. Nimezitafuta mwenyewe na zote zimenishinda.

Mimi ni fundi wa elektroniki hapa Eldoret. Kikundi cha wafugaji upande wa Kapseret kiliniita niwawekee kipimo cha joto kwenye tangi lao la kupozea maziwa. Sensa, yaani kihisi cha joto, ingekaa ndani ya tangi, skrini ingekaa ofisini, na maziwa yakianza kupata joto king'ora kingelia. Mama mmoja mjane, nitamwita Mama Kip, ndiye aliyelinda tangi usiku. King'ora kikilia, kazi yake ilikuwa kuwaita wenzake.

Nikueleze kidogo. Chipu, vile vipande vidogo vya elektroniki, huongea kwa nyaya. Mimi nilitumia njia inayoitwa I2C, ambayo waya mmoja hupiga mapigo na mwingine hubeba habari. Ni njia nzuri, lakini ilitengenezwa kwa chipu zinazokaa kwenye ubao mmoja, kama majirani wanaosemezana juu ya ua. Mimi niliivuta kutoka tangini, nikaipitisha kando ya mota ya kompresa, ile mashine inayopoza tangi, hadi ofisini. Rafiki yangu tuliyesoma naye alinionya: "Boss, hiyo distance I2C haiwezi. Weka RS-485, hiyo ndiyo ya mbali." Nikamwambia ashughulike na kazi zake. Kubadilisha kungemaanisha kuanza upya, na siku ya uzinduzi ilikuwa imekaribia.

Siku yenyewe, pasta ameshaomba na watu wametulia kwenye viti vya plastiki, kompresa ikawaka. Mota ilipokurupuka, habari zikavurugika kwenye nyaya, na skrini ikaandika ERROR mbele ya kila mtu. Mzee mmoja akasema, "Hata hiyo mashine imeshikwa na haya." Wakacheka. Nilicheka nao, lakini moyoni nilitamani ardhi inimeze.

Hapo ndipo nilipopotea. Badala ya kubadilisha nyaya, jioni hiyo nilifungua laptop nikabadilisha programu: sensa isipojibu, skrini irudie namba ya mwisho iliyoisikia. Neno ERROR nikalifuta kabisa. Tangu hapo skrini haikuniaibisha tena. Ilisema nyuzi joto nne, baridi inayofaa maziwa, na watu wakanisifu.

Halafu usiku mmoja kompresa ikakwama. Ilipokwama ilitupa mshtuko wa umeme kwenye nyaya zangu, sensa ikanyamaza. Taa ziliendelea kuwaka. Kompresa huwaka na kuzima yenyewe, kwa hivyo ukimya wake haukumshtua Mama Kip. Kila alipotazama skrini, ilimwambia nne. King'ora nacho hakikulia. Kingelia vipi, na kilikuwa kinaambiwa kila kitu ni sawa?

Lori la kubeba maziwa lilipofika asubuhi, maziwa ya tangi zima yalikuwa yamechacha. Yakamwagwa mtaroni huku wenye ng'ombe wakitazama.

Niliitwa. Watu wote walikuwa nje kwenye lori, nami nikaingia ofisini peke yangu. Nilipoiona ile nne nilijua mara moja. Nikachomoa umeme wa kipimo, nikaurudisha, sensa ikaamka na namba ikapanda; king'ora nikakizima kabla hakijalia. Hakuna aliyeniona.

Mama Kip akaingia akiwaita wenzake. "Kujeni muone wenyewe, bado inasema nne!" Wakatazama. Haikuwa nne. Mwenyekiti wa kikundi akanigeukia. "Fundi, hii kitu inaweza danganya?"

"Haiwezi, Mzee."

Sikuishia hapo. Niliomba maji ya moto kwenye kikombe, nikawasha king'ora tena, nikachovya sensa, na king'ora kikalia mpaka mbwa wa jirani wakabweka.

"Si mnasikia?" mwenyekiti akasema. "Huyu mama alikuwa amelala."

Mama Kip alinigeukia. Aliniangalia, nafikiri alitaka nimtetee, nami nikajifanya nakunja waya. Aliondolewa kazi siku hiyo hiyo. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimsomesha binti yake. Kanisani wakaanza kumsengenya, na mwishowe akaacha kuja.

Baadaye nilirudi kimyakimya nikaweka RS-485, nikaondoa ule ujinga kwenye programu. Mashine inafanya kazi vizuri, na bado wananisifu. Mke wangu huniuliza mbona nimekuwa mkali nyumbani, nami humwambia ni kazi nyingi.

Juzi nilikutana na Mama Kip sokoni. Nilitaka kugeuka lakini alikuwa ameshaniona. Alinisalimia kwa mikono miwili.

"Kijana yangu, unisamehe," akasema. "Niliambia watu mashine yako inadanganya. Nimefikiria sana. Nadhani nililala kweli. Ni hii uzee tu."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Ni sawa, Mama." Yaani mimi ndiye niliyemsamehe! Nikaenda zangu na mfuko wa viazi.

Wewe unayeunganisha vyuma vyako leo, usione aibu mashine yako ikisema haijui. Iache iseme. Watu watacheka, kisha watarudi nyumbani na kusahau. Ukiifundisha kuficha, siku moja itakubidi ufiche pamoja nayo, na kuna mtu atakayebebeshwa mzigo wenu nyinyi wawili.

Jina langu sikuliandika, na usidhani ni kwa ajili ya kulinda familia. Ni uoga tu. Nimefika mpaka langoni kwake mara kadhaa nikarudi. Kwa hivyo kama wewe ni wa Kapseret, na unamjua mama mmoja aliyefukuzwa kwenye tangi la maziwa, tafadhali mpitie kabla yangu. Mwambie hakulala.