Timu ya Watu Kumi na Sita

Hadithi hii inanionyesha mjinga, kwa hivyo chekeni mapema tumalize. Nyinyi mliofika Minneapolis juzi mnaniona nimefunga tai ya kazi ya dukani kule Maple Grove, mnadhani nilizaliwa nayo. Mimi ni mstaafu, bwana. Nimestaafu utabiri wa mpira wa shule, na mvi sijaota hata moja.

Siku ya kwanza kazini mpira haukuwepo. Lilikuwa gazeti dogo la kila wiki, ofisi yake Golden Valley, na kazi yangu ku-load mabunda ya magazeti kwenye gari pale mlango wa nyuma. Wakati wa joto, raha mustarehe. Lakini wenzangu walinitisha: "Subiri Januari, masikio yataanguka uyaokote." Darasa la nane langu la Mombasa halikunifundisha kuokota masikio. Nikaapa: theluji ikianguka, mimi niko ndani, kwa kazi yoyote ile.

Mwezi wa nane mhariri wa michezo akafanyiwa upasuaji wa goti. Mzee mkavu kama samaki wa ng'onda. Akanijia mlangoni na magongo yake.

"Wewe mcheshi. Unajua futboli?"

"Bosi, hiyo nimeinyonya na maziwa."

"Basi zunguka shule zote sita za wilaya yetu, uangalie mazoezi, uniandikie nani atatamba msimu huu. Ukifanya vizuri, kuna meza tupu humu ndani."

Meza! Tena kando ya hita!

Utabiri una kanuni zake, akanieleza mguu ukiwa juu ya kiti. Kwanza unauliza nani amebaki, maana wa mwaka wa mwisho wamemaliza shule wameenda zao. Pili, kota beki, yule anayerusha mpira na kuwaamuru wenzake: mzoefu au mgeni? Tatu, kocha usimwamini. "Mwenye timu nzuri atakulilia," akasema. "Mwenye timu mbovu atakuchekea." Halafu unazipanga timu, ya kwanza mpaka ya sita, gazeti linatoka kabla ya mechi za kwanza, na wazazi wanakutukana msimu mzima.

Kitu kimoja hakunieleza, kwa sababu huku hata mtoto anayenyonya anakijua.

Shule tano nikakuta umati. Vijana wamevaa helmeti wanagongana kama mabeberu, na wengine kibao wamesimama na chupa za maji. Nikajiuliza, hii ni timu au ni harusi? Shule ya sita, ndogo, karibu na nilipokuwa nikikaa Columbia Heights, nikakuta vijana kumi na sita. Nikahesabu tena, nikafurahi. Kumi na mmoja uwanjani, watano akiba. Hii sasa ndiyo timu! Tena mmoja wao anaupiga mpira kwa mguu, unapita juu ya milingoti unaenda kudunda barabarani.

"Vipi mwaka huu, kocha?" nikauliza.

"Ndugu yangu, sijui hata kama tutaumaliza msimu." Macho yamemlegea.

Nikajisemea moyoni: analia! Mhariri alisema! Hawa ni mabingwa.

Nikawaweka namba moja. Mhariri alikuwa kwake na dawa za maumivu, ukurasa ukapita bila yeye kuuona. Gazeti lilipotoka, simu ikalia.

"Kijana, umemweka nani wa kwanza?"

"Wale kumi na sita, bosi. Kumi na mmoja na akiba yao."

Halafu akashusha pumzi. "Futboli ya huku si ile soka ya kwenu: kumi na mmoja wanashambulia, wanatoka, wanaingia wengine kukaba. Na wa kupiga kwa mguu anaingia mara moja moja, anarudi kukaa. Mwaka jana wale hawakushinda hata mechi moja. Ile meza, isahau."

Nikarudi kwenye mabunda yangu, nikaanza kununua soksi nene.

Mechi yao ya kwanza nilienda na kofia imeshuka mpaka puani. Ajabu, wale kumi na sita walikuwa wamezaana, wamefika kama thelathini hivi. Wakapigwa. Wiki iliyofuata wakapigwa kidogo. Wiki ya tatu wakashinda, dakika ya mwisho, kwa ule mguu! Nilipiga kelele mpaka mama mmoja wa Kizungu akanipa maji. Wakamaliza wa nne, na walikuwa hawajawahi kufika hapo.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, kocha wao akaja pale mlangoni. "Yuko wapi yule mpumbavu aliyetuweka wa kwanza?"

Nikainama nyuma ya mabunda. Mhariri akaninyooshea gongo lake: "Yule pale."

"Ule ukurasa niliubandika kantini," kocha akasema. "Vijana waliokuwa wakiona haya kuchezea timu yangu wakaja mbio, eti gazeti limesema. Mwakani mtumeni huyu huyu."

Nilitabiri misimu mitatu zaidi kabla ya kustaafu. Nilishajua kuhesabu watu, utabiri wangu ukawa sahihi kabisa, na hakuna aliyeubandika popote. Kwa hivyo mkipewa kazi, ulizeni hata kile mnachodhani mnakijua, lakini msiogope sana kukosea.

Siku ile kocha alipoondoka, mhariri alinitazama: bunda begani, theluji kichwani, meno yanapiga ngoma. Nikangoja matusi.

"Weka chini hayo magazeti," akasema. "Ingia, ufunge mlango. Baridi inafika mpaka mezani kwako."