Maziwa ya moshi sokoni Ngungu

Wauza maziwa wa Ngungu ni wengi, na ng'ombe wao wanakula majani ya mlima uleule. Lakini mimi nilikuwa nawapita wote mpaka kwa mama mmoja wa mwisho. Yeye anafukiza kibuyu chake kwa majani anayoyajua mwenyewe, na kwa ajili ya harufu ile anatuongezea bei. Tunanung'unika, tunalipa.

Juzi nilimkuta ameshika kifuniko cha kibuyu, hakifungui. Mbele yake alikaa dada mgeni, muuzaji mpya, na kibuyu cha yule dada kilinukia moshi uleule, kwa bei ya chini.

«Na wewe shusha, Mama,» nikamwambia.

«Nikishusha, njo kusema maziwa yangu iko sawa na ya wote. Watoto watakula nini?»

Mnunuzi mmoja alinusa huku, akanusa kule, akainama kwa mgeni. Hapo mama akajimiminia, akanywa mbele yetu. Nyumbani kwetu anayekaribisha anaonja kwanza, anayekaribishwa asiogope sumu. Sokoni hakuna aliyewahi kufanya hivyo.

«Miye naonja yangu,» akasema kwa sauti. «Muulize yule kama ataonja yake.»

Mnunuzi akaweka kikombe chini polepole. Mgeni, macho yamemtoka, akanywa haraka. Jirani yake akanywa, kisha mwingine, mpaka mstari wote; na kila mnunuzi aliyekaribia akataka waonje tena kwanza.

Adhuhuri wauza maziwa walikuwa wameshiba, vibuyu vimekauka. Sisi wanunuzi tulirudi nyumbani na vikombe vitupu, na hakuna aliyemtazama mwenziwe.