Mama Kwenye Ramani

Mama hakupenda kupigwa picha. Harusini alijificha nyuma ya wenzake, na mtu akiinua simu uani kwetu, alikumbuka ghafla kwamba ng'ombe hajapewa maji. Nilipomuuliza sababu, alinijibu bila hasira, "Mimi nikienda, nataka niende mzima, nisiache kitu nyuma." Tulipomzika, picha ya kubebwa mbele ya jeneza ilibidi ikuzwe kutoka kwenye kitambulisho chake. Ilitoka na ukungu, wengine wakauliza huyo ni nani.

Mimi hutengeneza simu Nyeri mjini. Wateja wakikosekana, nilikuwa nacheza gemu ya kuendesha malori kwenye kompyuta ya duka. Gemu hiyo ina tovuti ya mashabiki, ambako mchezaji yeyote anaweza kupakia mod, yaani nyongeza aliyoitengeneza mwenyewe: lori jipya, daraja, hata barabara nzima. Wengine walipakia mabasi yenye rangi za kuumiza macho. Mimi, kwa kiburi changu, nikajenga barabara ya kwetu Gakindu, kona kwa kona, na mashamba ya kahawa pande zote mbili.

Ilipokamilika ilikuwa tupu. Niliendesha lori hadi langoni kwetu, nikashikwa na uchungu ambao sikuutarajia. Basi nikamweka Mama kando ya barabara na debe lake, kama alivyosimama kila asubuhi akingoja gari la maziwa. Uso niliutoa kwenye ile picha ya kitambulisho, nikaulainisha wiki mbili mpaka ukawa wake kabisa.

Fomu ya kupakia ilikuwa na swali lililonitoa jasho: je, kuna sura ya mtu halisi, na amekubali? Nikaweka tiki. Nilijiambia kwamba aliyekufa hana neno. Hata nilipokuwa najiambia hivyo niliona aibu, lakini nikabonyeza.

Watu waliipenda. Waliandika kutoka nchi nisizojua ziko wapi, wakisema humpigia yule mama honi kila wakipita. Mwanzoni nilifurahi. Kisha nikaanza kumwona vingine: alikuwa palepale kila nilipofungua gemu, akinitazama kwa macho ya mtu aliyekamatwa akitoroka. Nikaanza kuiogopa kona ya kwetu, nikawa nageuza lori kabla sijaifikia. Mwishowe niliiondoa mod kwenye tovuti, nikafuta kila kitu kwenye kompyuta. Nilipumua siku tatu.

Siku ya nne mchezaji mmoja akaniandikia kunipongeza: mwanamke wangu wa maziwa ametokea kwenye ramani ya mtu mwingine. Nikaipakua. Theluji ilikuwa imefunika barabara yote, na Mama amesimama pembeni na debe lake. Nikampata tena kwenye kituo cha mafuta cha mtu wa tatu, na bandarini kwa mtu wa nne. Niliwaandikia wote wamtoe. Mmoja alijibu kwamba kilichopakiwa ni cha wote. Wengine hawakujibu.

Jambo hilo liliponishinda, nilimwambia dada yangu mkubwa, ambaye ni mwalimu Nanyuki. Akaja Jumamosi, akaketi kwenye stuli ya wateja, nikamfungulia ile ramani ya theluji. Nilingoja matusi, maana ulimi anao. Alitazama muda mrefu. Theluji ilimwangukia Mama mabegani, na gauni nililomvalisha lilikuwa la mikono mifupi.

"Hapo ni baridi," dada alisema. "Si umwekee hata sweta."

Nikamweleza kwamba ramani si yangu, siwezi kubadilisha chochote ndani yake. Akaniambia nisogeze lori karibu na Mama, upande upepo unakotoka, nilizime hapo. Nikalisogeza, nikalizima, tukakaa hivyo mpaka mteja alipoingia kuulizia chaja.