Imechoka Juu ya Maji

Mara ya kwanza nilimkuta Déo amelala juu ya boksi lililokunjuliwa, nyuma ya maghorofa ya Dixon, miguu nje, kichwa chini ya gari la mtu wa kanisani kwake. Ilikuwa Aprili, theluji imeyeyuka, matope kila mahali. Nikamwambia nina kazi. Akajibu bila kutoka, "Kazi niko nayo, patron. Mahali ndiyo sina."

Mtu wa Uvira, Kongo, miaka kumi na moja hapa Toronto. Asubuhi alisimama kwenye mashine ya kukata mkate kiwandani. Mchana, unga bado masikioni, alitengeneza magari pale nje. Meneja wa jengo alikwisha kumwandikia barua ya pili: ikifunguliwa injini nyingine pale, familia itafute kwingine. Mkewe, Godelive, aliibandika kwenye friji ili asijifanye amesahau.

Mimi nanunua na kuuza mashine zilizotumika. Nina ghala Downsview, lina joto, na kona moja ilikuwa tupu. Bure sikuwa tayari kuitoa. Nilikuwa na pikipiki ya magurudumu manne, zile za porini: kwenye lami inaruka, ikiingia matope na maji inaishiwa nguvu. Mafundi wawili walishindwa. Tukapatana: akiniambia ugonjwa wake, kona ni yake mwaka mzima.

Akaja Jumamosi, macho mekundu. Spana hakugusa.

"Ikiingia mu maji, sauti inapanda ao inashuka?"

"Sikumbuki. Inakataa kwenda."

"Ikishuka, inakosa pumzi: chujio la hewa limelowa, ao plagi. Ikipanda na magurudumu hayaendi, ni kingine. Wewe unauza mashini, hauzisikilizi?"

"Ningezisikiliza nisingeuza hata moja."

Akaipeleka kwenye dimbwi nyuma ya ghala. Mimi nikaenda kuonana na Malek, mfanyabiashara mwenzangu, aliyekuwa akiitaka pikipiki hiyo hivyo hivyo ilivyo. Nikiwa naye, simu ikalia.

"Patron, nimeona. Mashini imechoka juu ya maji."

Kwetu Mwanza fundi akisema injini imechoka, hapo hakuna tiba. Nikashukuru, nikakata. Nikamwachia Malek hapohapo kwa bei ya chuma chakavu, nikaona nimewahi.

Niliporudi Déo alikuwa ameketi kwenye ndoo, matope yamemkaukia hadi magotini. Nikamweleza kwamba nimemuuzia Malek. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiye na nguvu ya kukasirika.

"Injini ni nzima. Ni mukanda wa kuzungusha magurudumu. Kifuniko chake kimepasuka, maji yanaingia, mukanda unateleza. Unakausha, unaziba, inakwenda. Nilisema imechoka juu ya maji. Kwetu ni kusema, sababu ya maji."

"Ulisema imechoka."

"Imechoka. Sikusema imekufa. Mutu akichoka, munamuzika?"

Nikamjibu kwamba mapatano yalihusu mashine yangu, na sasa si yangu. Ndiyo, nilisema hivyo. Nilipiga hesabu kwamba mtu mwenye barua mbili za meneja hana pa kwenda. Atarudi kubembeleza, nami nitampa kona kwa masharti mapya.

Hakubembeleza. Aliomba namba ya Malek tu, nikampa, maana nami nilikuwa nimechoka na sikutaka kuendelea kubishana.

Jumatatu alikiziba kile kifuniko, akafunga mkanda mkavu, akaivusha pikipiki kwenye maji ya kufika ekseli, Malek akitazama. Malek ana banda lenye paa na hita mbovu. Akampa siku hiyohiyo, kwa sharti kwamba Jumapili pia afanye kazi.

Kwa hiyo Malek alipata pikipiki na fundi. Déo alipata paa, na meneja hajaandika tena. Lakini Godelive sasa anaenda kanisani peke yake. Mimi nina pikipiki nyingine tatu zinazoshindwa matope. Juzi nilimpigia Déo. Akasema kwa upole nizilete kwa Malek, nipange foleni.