Futi na Pikapu Yake

Fundi wa milango waliyembandika jina la Futi, maana hakutoka nyumbani bila futi ya kupimia mfukoni, alikuwa na mwezi mzima hana raha kwa ajili ya pikapu ndogo aliyotaka kununua. Shemeji yake, makanika, alimng'ang'ania: "Chukua ya petroli yenye turbo, shemeji. Ukikanyaga, inaruka!" Iruke iende wapi, na mzigo wenyewe milango? Binti yake naye hakumpa nafasi ya kupumua: "Baba, haibridi. Kwenye foleni inatumia betri." Na betri ikifa je? Hapo ubishi ulianza upya na chai ikapoa.

"Mtanitoa roho na injini zenu!" alifoka Futi. Mwenye mkokoteni, aliyembebea milango miaka tisa na kuusikia ubishi huo wote, alishaambiwa kwa mbwembwe atafute kazi nyingine.

Jumamosi wakaenda wote yadi ya magari. Shemeji akafungua boneti moja, binti akafungua ya pili, wakazozana. Mke wa Futi, ambaye injini hazikumhusu, akazunguka nyuma ya pikapu. "Baba watoto, mlango utaingia humu?"

Futi akatoa futi. Sehemu ya mzigo ilikuwa na urefu wa sentimita mia moja thelathini na tano. Mlango wake mfupi kuliko yote ulikuwa mia mbili. Akapima na ile nyingine, mambo yaleyale.

Akajivuta pembeni, akampigia simu mwenye mkokoteni. Yule akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole: "Kwani fundi, mliamua injini gani?"