Nguzo ya Kobalti na Ndege Isiyoonekana

Udongo ulipotufunika shimoni Kamatanda, nilishika mkono wa yaya, kaka yangu mkubwa. Ulikuwa na joto. Kisha vidole vikaacha kunikaza. Mimi walinivuta nje kwa miguu. Yeye alibaki chini mpaka kesho yake.

Sasa nirudi nyuma. Katikati ya shimo tulikuwa tunaacha nguzo ya mawe, ibebe dari. Ilikuwa ya jiwe jeusi, kobalti safi kuliko yote tuliyotoa, na kila mchimbaji alijua haiguswi. Siku hiyo mnunuzi wa mawe alikuja na shefu wa shimo. Mnunuzi alisema kobalti inaingia katika injini za ndege za vita ambazo rada haizioni, na wenye ndege wana haraka. Yaya akasema nguzo ikitoka, dari itaifuata. Shefu akacheka.

"Weye ulisomea dari wapi? Mupige ile nguzo."

Tukapiga. Miye pia nilipiga, siwezi kujitoa.

Juzi, kwa kinyozi wa Kikula, televisheni ilionyesha wanajeshi wawili wazee wakibishana juu ya ndege hizo. Mmoja alisema faida yake imekwisha: rada mpya za mawimbi marefu zinaziona toka mbali. Mwingine akasema hapana, rada hizo zinaona kivuli tu, haziwezi kuongoza kombora vizuri. Kabla kombora halijatoka, ndege imeshapiga na kugeuka. Nikamuuliza kinyozi: sasa inaonekana ao haionekane?

"Papa, inaonekana kidogo."

Kidogo. Nilitembea mpaka Shituru na neno hilo, halikutaka kutulia kichwani. Kama inaonekana, yaya alikufia nini? Kama haionekani, wale wanaopigwa nayo wanafunikwa na udongo kama sisi, na nifurahi? Hata sijui kama jiwe letu liliingia ndege ao simu. Labda mnunuzi alitudanganya tu. Shule yangu ni ndogo, sifiki mwisho wa mambo haya.

Lakini nani alisema nguzo ipigwe, hilo ninalijua. Rais wa kooperative yetu ya wachimbaji aliandika karatasi kwamba mvua ndiyo iliangusha shimo, na ilikuwa kiangazi, vumbi tupu. Mama anaamini karatasi ile mpaka leo. Shefu, mnunuzi, rais: mukuje kwake, mukae, mumwambie mbele yangu ni nani aliua mutoto wake. Na mimi nitasema sehemu yangu.