Mpiga picha aliyeifuta alama ya binti yake

Saa tatu asubuhi kijana mmoja amekaa juu ya stuli, mgongo umenyooka kama anasubiri kudungwa sindano. Nyuma yake kuna kitambaa cheupe kilichopigwa pasi hadi hakina hata mkunjo. Amevaa koti jeusi lisilo lake, limempwaya mabegani, na vidole vyake vimepotelea ndani ya mikono ya koti hilo.

"Kidevu juu kidogo. Hapo hapo. Masikio nayaona yote mawili, Mungu akubariki. Sasa, usicheke."

Kijana anacheka.

"Nimesema usicheke! Hao wanaotoa viza hawana haja ya kujua kama una meno."

Shangazi aliyemsindikiza naye anaangua kicheko pale mlangoni, na mpiga picha inambidi ashushe kamera asubiri watulie. Hana haraka, amezoea. Kwa zaidi ya miaka ishirini amelisema neno hilo kiasi kwamba mtaa mzima umesahau jina alilopewa na wazazi wake. Watoto humwita Mzee Usicheke, wakubwa humwita Usicheke tu, na mkewe, akiwa amekasirika, humwita Bwana Usicheke.

Studio yake ni chumba kimoja kilichobanwa kati ya kinyozi na duka la madaftari. Kuna kioo, kopo la poda kwa wenye nyuso zinazong'aa, na kitana kilichofungwa kwa uzi ili kisipate miguu. Koti jeusi huning'inia msumarini likiwasubiri wanaokuja na mashati meupe, kwa sababu shati jeupe mbele ya kitambaa cheupe humfanya mtu aonekane kichwa kitupu kinachoelea. Limevaliwa na waliokwenda kusomea udaktari, sheria, urubani na mambo mengine ambayo mwenyewe hawezi kuyatamka.

"Hili koti lina shahada nyingi kuliko mtu yeyote hapa mtaani," anasema, akilikung'uta.

Siku nzuri hupata wateja ishirini. Siku mbaya hupata watatu, na mmoja wao huwa amekuja kuazima chaja. Picha nne anauza kwa bei ya mikate miwili, na wengi wa wanaozihitaji ni vijana wanaokwenda kusoma nje. Kila nchi ina vipimo vyake: hii inataka uso ujae, ile inataka mabega yaonekane, nyingine inataka rangi ya nyuma iwe kijivu. Yote anayo kichwani.

"Ukimkosea mtoto wa watu kipimo, maombi yanarudishwa," anasema. "Siku zinakwenda, chuo kinafungua, nafasi yake imepotea. Kisa picha."

Akimaliza picha rasmi, hamwachi mteja aondoke. Humvua koti na kumrudisha kwenye stuli. "Ile ilikuwa ya ofisi," humwambia. "Hii ni ya nyumbani. Sasa cheka." Picha hiyo haitozi hela, na hampi anayesafiri. Humpa anayebaki.

Kijana wa leo, kwa kuwa sasa ameruhusiwa, kicheko kimemkauka.

"Si ulikuwa unacheka sasa hivi?" shangazi anamwuliza. "Au mpaka ukatazwe?"

Hapo anacheka, na kamera inamdaka. Shangazi anapokea picha, anaitazama kidogo, kisha anageukia ukutani na kujifanya anasoma karatasi iliyobandikwa juu ya kompyuta. Usicheke anamwacha. Anajua machozi ya watu wanaobaki.

Karatasi yenyewe imeandikwa kwa mkono wake, kwa herufi kubwa: HATUFUTI KITU KWENYE PICHA ZA VIZA.

"Za harusi nafuta," anaeleza. "Nafuta chunusi, nafuta jasho, nimeshamfuta hata mjomba mtu aliyesinzia nyuma ya keki. Lakini za viza, hapana. Uso alionao mtu ndio anaokwenda nao."

Sheria hiyo ameivunja mara moja tu. Na aliivunja kwa ajili ya kitinda mimba wake.

Binti huyo alipewa jina la bibi yake, mama mzazi wa Usicheke, na kwa hiyo tangu akiwa mchanga baba yake humwita "mama". Jina halikuja peke yake. Chini ya jicho la kushoto ana alama ya kuzaliwa, nyeusi, ukubwa wa kucha ya kidole kidogo, mahali palepale alipokuwa nayo bibi. Siku alipozaliwa, ndugu waliingia chumbani mmoja mmoja, wakatazama, wakatoka wakitikisa vichwa kwa mshangao.

Shuleni alama hiyo haikuwa ya kushangaza, ilikuwa ya kuchekwa. Wenzake walimwita Wino. Akajifunza kukaa upande wa kushoto kabisa wa darasa, ili alama itazamane na ukuta. Usicheke aliligundua hilo siku ya wazazi, na mpaka leo akilisimulia sauti hupungua.

"Nilikuwa namwambia, mama, huo ni muhuri. Umegongwa kwetu. Hata ukipotea, utarudishwa hapa."

Binti akakua, akaacha kuuficha uso, akaanza kuota mambo makubwa. Anataka kusomea uhandisi wa maji. Kwa zaidi ya mwaka mmoja, kila alasiri, alikuwa akikaa kwenye kona ya studio na kompyuta ya baba yake, akivitafuta vyuo vya nje kimoja baada ya kingine: kipi kina kozi hiyo, kinataka alama gani za mtihani, kinatoa ufadhili au hakitoi. Vyuo viwili vilimkataa. Cha tatu hakijajibu hadi leo. Cha nne kikampokea na kumlipia ada.

"Siku hiyo kinyozi alimwacha mteja na nusu ya kichwa, akaja kucheza," anakumbuka Usicheke.

Kikabaki kibali cha masomo. Ilitakiwa barua ya chuo, uthibitisho wa ufadhili, taarifa ya benki, majibu ya vipimo vya afya. Binti alikuwa anajisemea peke yake mbele ya skrini, na baba yake, akikata picha za watu pembeni, haambulii kitu.

"Nusu ya yale mambo sikuyaelewa," anakiri. "Nilichojua ni kimoja. Picha ya mtoto wangu naipiga mimi."

Akaipiga. Ilitoka safi, vipimo sawasawa. Binti akakimbilia kliniki kuchukua karatasi yake ya mwisho, na Usicheke akabaki na ule uso kwenye skrini. Akaanza kufuta chembe ya vumbi ya kwenye lenzi iliyotokea pichani. Kipanya kikatembea. Kikafika chini ya jicho la kushoto, kikasimama.

"Nikasema, kule hakuna anayemjua. Hakuna atakayemwita Wino. Acha aanze upya."

Alama ikaondoka kufumba na kufumbua. Aliitazama ile picha, anasema, na kwa dakika ile alijiona baba bora kuliko wote. Binti aliporudi, akihema, alipachika picha kwenye maombi bila hata kuifungua. Nani akague picha ya Usicheke?

Jibu lilikuja wiki ya tatu. Picha haifanani na iliyo kwenye pasipoti. Mwombaji atume nyingine haraka, pamoja na maelezo, la sivyo maombi yatafungwa. Na chuo kilishatangaza siku ya mwisho ya kuripoti, na hiyo haikuwa mbali.

Binti aliziweka picha mbili bega kwa bega kwenye skrini.

"Baba. Alama yangu iko wapi?"

"Mama, nilidhani nakusaidia."

"Kunisaidia nini?"

"Kule ugenini. Wasije wakakuangalia vibaya."

Binti hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Shuleni walinicheka, nikirudi hapa unaniambia ni muhuri. Nikakuamini, baba. Nilikuwa nikitembea barabarani najua nimegongwa kwetu. Kumbe na wewe ulikuwa unaona doa."

Akazima kompyuta, akaondoka. Usicheke alikaa kwenye stuli ya wateja, mahali ambapo huwa hakai, akaiangalia studio yake kutoka upande wa pili.

Nyumbani mkewe alisikiliza habari yote mikono kiunoni. "Mama yako angefufuka leo, Bwana Usicheke, angekuchapa na hiyo hiyo kamera." Kisha akampakulia chakula, akakaa karibu naye, akamwambia ale, kwa sababu kulala njaa hakutampatia mtoto kibali. Hakikulika.

"Kibali kilikuwa kinanitisha, sikatai," anasema Usicheke. "Ningemkosesha chuo kwa mkono wangu. Lakini hata angekipata, angepanda ndege akijua baba yake anamwonea haya. Hilo ningeishi nalo vipi?"

Asubuhi binti alipitia studio, mkoba begani. Hakuingia. "Nakwenda kupigwa picha kwingine," alisema.

Kwingine ni ng'ambo ya barabara, kwenye studio mpya yenye mlango wa kioo. Usicheke alimtazama anavuka. Akachukua kitambaa, akaanza kufuta lenzi ambayo ilikuwa safi, akaifuta, akaifuta tena.

Haukupita muda binti akarudi. Alisimama mlangoni kabana midomo, mabega yanatetemeka. Baba akadhani analia.

"Amenikalisha," binti alisema, akijikaza. "Ameniangalia vizuri. Halafu ananiambia, 'Dada, usijali, hiyo alama nitakufutia bure.'"

Walicheka mpaka mbavu zikawauma. Kinyozi alichungulia, akaona baba na binti wameegemeana wakipangusa macho, akarudi kazini kwake bila kuuliza. Walipotulia, Usicheke alisema jambo ambalo usiku kucha alikuwa akilitafutia maneno.

"Sikuiona kama doa, mama. Wallahi. Niliogopa tu. Hapa wakikucheka, unarudi kwangu. Kule utarudi kwa nani?"

Binti akatoa koti msumarini, akalivaa mwenyewe, akakaa kwenye stuli.

"Piga, baba. Na uiache."

Usicheke aliisogeza taa upande wa kushoto ili alama isiingie kivulini. Akaweka jicho kwenye kamera. "Usicheke," alisema, na sauti ikamkatikia katikati ya neno.

"Na wewe usilie."

"Haya. Kila mtu ajitahidi upande wake."

Maelezo aliyaandika yeye, binti akayapiga chapa na kuyatafsiri. Aliyefuta alama ni mimi, aliandika, baba yake na mpiga picha wake. Kosa ni langu. Alama ni yake na ilikuwa ya bibi yake, na atakuja nayo. Binti alitaka kukata sentensi ya mwisho, akisema kwamba maofisa hawana muda wa hadithi za ukoo. Akaisoma tena, akaiacha.

Kibali kilipofika, mteja mmoja alikuwa kwenye stuli, amevaa koti, kidevu juu. Binti alipiga ukelele, baba akaitupa kamera kitini, na mteja akabaki vilevile, hathubutu kusogea, mpaka walipomkumbuka. Naye alipewa picha zake bure.

Binti anaondoka wiki ijayo. Begi lake limesimama kwenye kona ya studio, chini ya kompyuta, na kila anayeingia hulipapasa kama mtoto mchanga. Picha yake ya nyumbani, ile ya kucheka, iko tayari, na mama yake ameshaificha mahali ambapo hataki kupataja.

Lakini siku ilipopigwa, binti alikataa kushuka kwenye stuli kabla ya kuuliza swali. "Wanaobaki wanapewa picha. Na anayekwenda je, anakwenda na nini?" Kisha akamnyang'anya baba yake kamera, akamkalisha yeye.

Mtu aliyekalisha nusu ya mji pale juu hakujua aiweke wapi mikono yake. "Nilielewa kwa nini watoto wa watu wanaganda," anasema. Binti alimwambia acheke, akashindwa. Akamwambia tena, akashindwa. Mwishowe akamwambia, kwa sauti ya baba yake kabisa, "Nimesema usicheke!" Hapo akapasuka. Picha hiyo sasa imo ndani ya pasipoti ya binti, kwenye jalada, pamoja na pengo lake la jino.

Usicheke naye ameanza safari yake ya karatasi. Ameomba pasipoti, ya kwanza maishani mwake. Kozi ya uhandisi wa maji ni miaka minne, na siku ya mahafali anataka awepo ukumbini, na kamera yake, aipige mwenyewe ile picha ya joho. Atahitaji viza, na viza inahitaji picha, na hiyo hawezi kujipiga. Ameshavuka barabara kwenda kuzungumza na yule jirani wa mlango wa kioo.

"Nimemwambia siku ikifika asinifute hata mvi moja," anasema, akilirudisha koti msumarini. "Nitashuka kwenye ndege nimezeeka. Nataka mwanangu aniangalie mara moja tu, anijue."